Siku ya Kufungua Nira

Yako mambo mengi ambayo binadamu hulazimika kufundishwa: kusoma, kulima, kuogelea, kuheshimu wakubwa, kuweka akiba. Kupumzika hatukuhesabu kuwa mojawapo. Mtoto mchanga hupumzika bila mwalimu, mbuzi naye hupumzika bila mwalimu, na mtu mzima aliyechoka hutazamiwa kujua la kufanya. Lakini wapo watu, nami nimo, ambao ukiwaambia wakimbie kilomita 30 juani watakutii, na ukiwaambia wakae kitako siku nzima wataona umewaadhibu. Katika kurasa hizi napenda kuuliza kwa nini iko hivyo, na kama jambo hili linahusu wema na wajibu wa mtu, au ni tabia tu ya watu wachache wapendao michezo.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Unaitwa traiathloni, nao ni michezo mitatu ndani ya mmoja. Mtu anaogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka kwenye baiskeli anakimbia, na saa haisimami hata anapovaa viatu. Ulianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Umbali wa Olimpiki ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za kukimbia. Kwetu Migato, katika Wilaya ya Itilima ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi, jina la mchezo huu ni geni, lakini sehemu zake mbili si ngeni hata kidogo. Baiskeli ndiyo miguu ya pili ya Msukuma: inabeba pamba, mkaa, maji na mgonjwa, na mashindano yake hukusanya watu wengi. Kukimbia, kila mtoto amekimbia nyuma ya ng'ombe au kuwahi kengele ya shule. Kuogelea ndiko kunakotushinda, maana mito yetu ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Mimi huogelea katika bwawa moja Mwanza, ninapopata nafasi ya kwenda huko.

Mazoezi ya mchezo huu yana utaratibu wake. Kwa kawaida mtu huongeza mzigo kwa wiki tatu, na wiki ya nne huupunguza hadi kufikia nusu hivi. Ndani ya wiki hiyo zimo siku moja au mbili za kutofanya zoezi lolote. Huitwa wiki ya kurudisha nguvu. Sababu yake si huruma. Wakati mtu anakimbia mwili wake haujengwi, bali unabomolewa. Nyuzi za misuli huchanika kidogo kidogo, na akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini hupungua. Ujenzi hufanyika baadaye, mtu akiwa amekaa au amelala, na hasa katika usingizi mzito, ambapo mwili hutoa homoni ya ukuaji kwa wingi. Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye, akiwa Montreal huko Kanada, aliandika kwamba kiumbe kinachosumbuliwa mfululizo hupita hatua tatu: kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na usumbufu usipokoma huishiwa nguvu kabisa. Walimu wa michezo wa nyakati zilizofuata walilitumia wazo hilo. Zoezi ni usumbufu wa makusudi, na faida yake hupatikana pale tu linapokoma kwa muda.

Yote haya nayajua. Najua pia kwamba siku mbili tatu za kukaa haziwezi kuondoa nguvu zilizojengwa kwa miezi, kwa kuwa upungufu wa maana huanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi. Basi kama chanzo cha shida yangu kingekuwa ujinga, elimu ingekwisha kuniponya. Lakini inapofika siku ya pili ya wiki hiyo, mwili wangu uko kwenye kiti na moyo wangu uko barabarani. Nimejichunguza sana katika siku hizo, nikaona kwamba kinachonisumbua si kitu kimoja. Ni sauti tatu.

Sauti ya kwanza ni ya hofu. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, ndugu yetu Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya mashindano ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na ushindi ukaamuliwa kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo. Sote tulishangilia. Lakini mtu mwenye hofu husoma habari kama hiyo kwa namna yake. Anajiambia: ikiwa kilomita 42 zaweza kuamuliwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nani ana ruhusa ya kukaa chini siku nzima? Hofu haiulizi Simbu alilala saa ngapi wala alipumzika siku ngapi ili awe na nguvu katika ile hatua ya mwisho. Hofu huhesabu kilomita tu, kwa kuwa kilomita zinahesabika.

Sauti ya pili ni ya aibu, nayo ndiyo inayonifikirisha zaidi. Mwaka mmoja wiki yangu ya kurudisha nguvu iliangukia Januari, wakati wa palizi ya pamba. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, nami nilikuwa nimekaa chini ya mkwaju, miguu juu ya gogo. Alipita mzee jirani yetu na jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Hapana, mzee. Napumzika."

Akasimama, akanitazama kwa upole. "Umefanya nini?"

Hakuwa anakejeli. Kwa mzee yule, kama ilivyo kwa wengi wetu, kupumzika ni ujira. Hulipwi kabla ya kazi, na kazi yenyewe lazima iwe inayoonekana: tuta lililopaliliwa, gunia lililojaa, zizi lililokarabatiwa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tunaitumia methali hiyo kumtia moyo mtu aendelee kuchuma, na hatumwulizi amewahi kufika kivulini. Zaidi ya hapo tunasema ajizi ni nyumba ya njaa, na kwa watu wanaotegemea mvua moja kwa mwaka, hayo si maneno ya kupamba mazungumzo. Aliyechelewa kupanda kwa wiki mbili huiona njaa hiyo kwa macho.

Kizazi changu kilipokea funzo hilo mara mbili, nyumbani na katika taifa. Tulikua tukiambiwa kwamba uhuru ni kazi, na kwamba kazi ni kipimo cha utu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza juhudi, na lilikuwa na haki kufanya hivyo, maana nchi maskini haikuwa na mtaji mwingine isipokuwa mikono ya watu wake. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvukazi, na mtu aliyeonekana mjini hana kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa shambani. Mwaka 2015 tukasikia tena kwamba hapa ni kazi tu. Sisemi kwamba kauli hizo zilikuwa mbaya. Nasema kwamba mtu aliyezisikia tangu utotoni hubeba mgambo ndani ya kifua chake, na mgambo huyo hana siku ya mapumziko. Akikuona umekaa, anakuuliza kitambulisho.

Sauti ya tatu ni ndogo kuliko zote na husikika jioni. Inauliza: usipokimbia, wewe ni nani? Mtu akishazoea kujulikana kwa jambo moja, siku asiyolifanya huwa kama siku aliyosahau jina lake. Nadhani sauti hii haiwasumbui wanamichezo peke yao. Nimewaona wafanyakazi wenzangu waliostaafu wakiwa na afya njema na shamba zuri, lakini ndani ya mwaka mmoja wakawa wamenyauka. Mshahara haukuwa umewapungukia sana. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia asubuhi kwamba wanahitajika.

Ndugu msomaji, waweza kuniambia kwamba majibu ya sauti hizi yalikuwapo siku zote hapa kijijini, nami nitakubali. Katika nchi yetu ya Usukuma hakuna mkulima asiyejua kumpumzisha ng'ombe. Wakati wa kulima, jozi hufungwa nira alfajiri kungali baridi, na jua linapopanda, yapata saa nne au saa tano, nira hufunguliwa na ng'ombe huenda malishoni. Anayeendelea kulima hadi mchana huonwa kuwa mtu asiye na akili, kwa kuwa kesho yake atakuwa na ng'ombe wa kusukuma badala ya ng'ombe wa kulimia. Hakuna anayemwuliza ng'ombe amefanya nini. Kijana wa miaka kumi anayeongoza jozi anajua saa ya kufungua nira, ila hakuna aliyemfundisha saa ya kuifungua yake mwenyewe.

Hata ardhi tunaipumzisha. Msomaji asiyetoka kwetu pengine hajui neno ngitili. Ni eneo la malisho ambalo hufungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, majani na miti ikue. Hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, pale ambapo kwingine kumebaki vumbi. Ni desturi ya zamani. Ilidhoofika sana miti ilipofyekwa ili kuwaondoa mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na baadaye watu walipohamishiwa katika vijiji miaka ya 1970 na kuacha maeneo yao ya zamani. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI, katika mkoa ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi ndani yake. Inakadiriwa kwamba mwaka huo ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikupandwa miti na mtu. Iliachwa tu, na mizizi iliyokuwa hai chini ya udongo ikachipua yenyewe.

Nilipoanza mchezo huu nilijituliza kwa mifano hiyo miwili. Nikikaa kwenye kiti nilijiambia kwamba mimi ni ngitili, kwa nje nimelala na kwa ndani naota. Na kuna mifano ya michezo inayokubaliana na hayo. Mwaka 1950 mkimbiaji mashuhuri wa Chekoslovakia, Emil Zátopek, alilazwa hospitali baada ya kula nyama iliyoharibika, muda mfupi kabla ya mashindano ya Ulaya ya Brussels. Aliyekuwa na sifa ya kufanya mazoezi kupita wote akawa amelala kitandani kwa lazima. Alipotoka alishinda mita 10,000 na mita 5,000, tena kwa kuwaacha wenzake mbali. Na majirani zetu wa Iten na Kaptagat kule Kenya, ambao wageni husafiri kwenda kuona wanavyokimbia, hutumia sehemu kubwa ya mchana wao kulala, kunywa chai na kukaa.

Lakini mtu mkweli hana budi kuutaja na mfano unaompinga. Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni tatu tu maishani mwake, akashinda zote, na tarehe 8 Oktoba 2023 huko Chicago akaweka rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35. Kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, alieleza hadharani kwamba kijana huyo alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, nyakati nyingine zaidi ya 300, na kwamba hakuwa na siku maalumu ya mapumziko katika wiki. Alipumzika tu zilipoonekana dalili za uchovu au maumivu. Kocha alikuwa na wasiwasi na alimwonya kwamba kwa mwendo ule hangedumu. Kama angedumu au la, hatutajua kamwe, kwa sababu wote wawili walikufa katika ajali ya gari karibu na Kaptagat tarehe 11 Februari 2024. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24.

Mfano huo ulinilazimisha kufikiri upya. Ikiwa sababu yangu ya kupumzika ni kwamba kupumzika kunaleta ushindi, basi siku atakapotokea mtu anayeshinda bila kupumzika sababu hiyo itaanguka. Na hata isipoanguka, iko chini sana. Ng'ombe hufunguliwa nira leo ili alime kesho. Je, mtu naye hufunguliwa kwa sababu hiyo hiyo tu? Kama ndivyo, siku yangu ya mapumziko ni kazi iliyovaa kanzu, na yule mgambo wa kifuani hajaondoka, ameketi nami kivulini akiangalia saa.

Wazee wa kale katika dini za Mashariki ya Kati waliliona jambo hili. Sheria ya Musa iliamuru siku moja katika saba isiwe ya kazi, tena ilitaja kwa majina wanaohusika: mtumishi, mgeni, ng'ombe na punda. Hawakuambiwa wapumzike kwa sababu wamemaliza kazi, kwani kazi haiishi. Siku ilipofika, ilifika. Wazee wetu Wasukuma nao, bila kitabu, walikuwa na msimu baada ya mavuno ambapo Bagika na Bagalu walishindana kucheza ngoma, na kijiji kizima kilihama kwenda kutazama. Pale hapakuwa na aliyesema anacheza ili alime vizuri Novemba. Walicheza kwa sababu walikuwa watu, na chakula kilikuwa ghalani.

Nilikuwa nimefika hapo katika fikra zangu, nikiridhika nazo, pale mama watoto aliponipa swali ambalo sikulitazamia. Ilikuwa jioni, wiki ile ile ya Januari. Alikuwa ametoka mtoni, ambako kina mama huchimba mashimo kwenye mchanga na kusubiri maji yajikusanye, akatua ndoo, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Baba," alisema akicheka, "hiyo wiki yako ya kupumzika nimeielewa. Sasa yangu mimi iko mwezi gani?"

Nilicheka naye. Baada ya kula nililifikiria swali lile muda mrefu, nikaona kwamba falsafa yangu yote ya kupumzika ilikuwa imesimama juu ya kichwa chake na ndoo yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa asizidishe saa 45 za kawaida kwa wiki, apate saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa mapumziko ya kila wiki viwandani tangu mwaka 1921. Ni sheria nzuri na watu waliteseka ili zipatikane. Lakini zinamhusu mtu mwenye mwajiri. Mwanamke wa Migato anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akafagia, akapika uji, akapalilia, akateka maji, akakusanya kuni, akauguza mtoto, naye hana mwajiri, ataidai likizo yake kwa nani?

Na hapo nikaona kitu kingine kuhusu ngitili ambacho nilikuwa nakiona kila mwaka bila kukitafakari. Majani hayajifungii yenyewe. Ngitili husimama kwa sababu majirani wamekubaliana kutoingiza ng'ombe wao, na mkutano wa wazee, dagashida, humtoza faini anayevunja makubaliano. Mara nyingi haina ukuta wala miiba. Uzio wake ni makubaliano ya watu. Siku watu wakiacha kuilinda, majani huliwa kwa wiki moja, hata kama yalikuwa na nia njema ya kukua.

Kupumzika kwa binadamu nako ni hivyo. Tumezoea kukuzungumzia kama adili la mtu mmoja, mwenye kujua kiasi na asiyejua kiasi. Mimi nadhani ni jambo ambalo watu hulindiana. Mimi niliweza kukaa chini ya mkwaju kwa kuwa kuna mtu aliyeniwekea uzio: alichota maji yangu, alipika chakula changu, aliwazuia watoto wasinisumbue. Pumziko ambalo mzigo wake umehamishiwa kichwani kwa mwingine ni mzigo ule ule, umebadilisha njia tu.

Basi tulikubaliana, mimi na mama watoto, kwamba Jumamosi moja ya kila wiki yangu ya nne iwe yake. Siku hiyo maji ni juu yangu, na jiko ni la watoto wakubwa, wa kiume na wa kike. Ratiba yangu ya wiki hiyo inaruhusu nusu saa ya baiskeli kwa mwendo mwepesi, hivyo naitumia kwenda mtoni. Madumu mawili ya lita 20 si mwendo mwepesi kama kitabu cha mazoezi kinavyotaka, lakini kitabu hicho hakikuandikwa Migato.

Jambo la kustaajabisha ni lililotokea Jumamosi ya kwanza. Aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akafagia uwanja kabla sijavaa viatu. Nilipomkumbusha alisema, "Nimezoea tu." Saa nne nilimkuta anachambua choroko. Nilimwuliza kwa nini hakai, akafikiri kidogo, akanijibu, "Nikikaa naona kama nyumba inanisema."

Sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Ilikuwa sauti ile ile ninayoijua mimi, imevaa khanga. Yeye hajawahi kusoma habari za misuli wala za Selye, na hana saa ya kupimia kilomita, lakini amefundishwa, kama nilivyofundishwa, kwamba nafasi yake duniani anailipia kila siku, na siku asiyolipa anaishi kwa mkopo. Tofauti ni kwamba mimi nilipewa mchezo na mwalimu wa mchezo, nikapata mtu wa kuniamuru nikae. Yeye hakuna aliyewahi kumwamuru.

Mwezi wa pili alikwenda kumtembelea dada yake, akarudi jioni akiwa na habari nyingi na viazi vilivyokaushwa. Mwezi wa tatu alilala hadi jua likaingia dirishani, na watoto wakanyata nyumba nzima kana kwamba kuna mgeni. Majirani walisema yao. Wengine walidhani anaumwa, wengine walidhani mimi ndiye nimepatwa na kitu. Sasa wamezoea, na mama mmoja wa jirani ameanza kumwuliza mumewe swali lile la mwezi.

Sijapona kabisa. Wiki ya kurudisha nguvu ikifika bado miguu hunikereketa siku ya pili, na bado naitazama barabara ya Bariadi kama mtu aliyeachwa na basi. Lakini siwazi tena kwamba ninapokaa naibia siku. Mkulima akishapanda mbegu haendi kila asubuhi kuifukua aone kama imeota. Huacha udongo na mvua vifanye visivyo vyake, na kuacha huko hakumfanyi mvivu. Ni kukiri kwamba si kila kitu chema duniani kinatoka mikononi mwake.

Mwalimu wa mchezo aliponipangia wiki ya kukaa, alidhani ananifundisha habari za mwili. Nimejifunza zaidi kwamba mtu hawezi kufungua nira yake peke yake, kwa kuwa fundo liko upande wa nyuma, na sharti awepo wa kumsaidia. Kwa hiyo ukimwona mwenzako amekaa kivulini saa tatu asubuhi, msalimu kwa heshima, upite. Usimwulize amefanya nini. Uliza, ukifika kwako, ni nani hajakaa.